Kahawa ya Mgeni wa Ghorofa ya Tatu

Weka mkono kifuani kwanza. Apa kwa chochote unachokiogopa kwamba haya hayatatoka mdomoni mwako, hutamwambia mumeo wala shoga yako wa saluni. Umeapa? Vizuri. Na mimi niliapa hivyohivyo kwa Jovina mwenyewe, nimemshika mikono yote miwili, machozi yananitoka, kwamba siri yake nitazikwa nayo. Haya, sogea sasa nikuambie.

Mwisho wa habari hii jengo zima liliuona kwa macho. Mwanzo wake humu jengoni tulikuwa tunaujua watu wawili tu, yeye na mimi, na kwangu umekaa kama mwiba wa samaki kooni. Nimeumeza, umekataa.

Ilianza na maganda ya kahawa.

Jovina alikuwa amelala usiku mmoja tu katika apatimenti yake mpya, ghorofa ya tatu, katikati ya mji, hatua chache kutoka Mtaa wa Rufiji. Asubuhi aliamka akaenda sebuleni kufungua dirisha aone ziwa, maana dirisha lile ndilo lililomteka roho tangu siku ya kwanza. Pale chini ya kioo akakuta maganda saba ya kahawa ya kutafuna, ile ya kwao Bukoba inayochemshwa na majani kisha ikaanikwa. Yamepangwa mstari mmoja, kama vile kuna mtu aliyekaa akitazama nje, akawa anatafuna na kuweka ganda, anatafuna na kuweka ganda. Akayagusa. Yalikuwa na mate bado.

"Panya," akasema kwa sauti, na wala hakuna aliyemuuliza.

Panya gani anapanga mstari?

Sasa ujue Jovina ni nani. Ni mkaguzi katika kiwanda kimoja cha minofu ya sangara, msomi, mwanamke wa maneno machache, na harufu ya kiwanda alikuwa akiitoa kwa limau kabla ya kusalimia mtu. Mume hana. Ana binti wa miaka sita, Gladness, mapengo mawili mbele. Walikuwa wanakaa Usagara. Kutoka Usagara hadi kiwandani ni kuamka kabla ya jogoo na kurudi mtoto akiwa amelala kwenye mkeka wa jirani. Siku moja Gladness alimwita yule jirani mama, na yeye Jovina akamwita dada. Aliniambia siku hiyo alikaa chooni akalia mpaka maji ya ndoo yakapoa. Ndipo akaapa atapanga mjini, karibu na kazi na shule.

Jengo letu ni la Mzee Lukman, muuza vitambaa. Mimi nakaa chini kabisa, mlango wa kwanza ukiingia, nauza uji na chapati, na ngazi zote zinapita puani kwangu. Kila anayepanda namwona, na anayeshuka namuuliza. Ile apatimenti ya tatu ilipokuwa wazi, dalali Yakobo aliniachia mimi funguo, niwe nawaonyesha watu. Jovina alikuja akaiona akaitaka. Lakini kodi ilimshinda, na kulikuwa na kijana mmoja muuza simu, anaoa mwezi ule, ambaye alikwisha kubaliana na Yakobo aje Ijumaa kusaini.

Alhamisi jioni Jovina akaja kwangu na mfuko.

"Shikamoo, Mama Mhoja."

"Marahaba, mwanangu. Hujakata tamaa tu?"

"Naomba funguo mara moja nikapime mapazia."

Mapazia ya nyumba ya mtu mwingine! Nikajua kuna jambo. Nikampa funguo. Hapo ndipo dhambi yangu ya kwanza ilipo, nilimpa tu kwa hamu ya kujua atafanya nini.

Kumbe wanawake wa kiwandani walikuwa wamemsimulia jinsi majini wanavyolishwa. Wali usiotiwa chumvi, yai, ubani, marashi ya mawaridi. Akaweka sahani kwenye kona ya sebule, akawasha ubani kwenye kifuniko cha bati, akanyunyiza marashi ukutani. Nia yake ilikuwa moja, kijana wa simu aingie kesho, aione, akimbie. Ni hivyo tu, wala yeye hakuamini majini. Ni Mkatoliki wa jumuiya, rozari iko ndani ya pochi.

Akasimama akaitazama ile sahani, akaiona nyonge. Haitishi. Ndani ya mfuko alikuwa na kifurushi cha jani la mgomba alichotumiwa na mama yake. Akakifungua, akachota kahawa kiganja kimoja, akaiweka pembeni ya wali.

Hapo ndipo alipoharibu. Kwao mtu akiingia nyumbani, hata kabla ya maji, anapewa kahawa atafune. Na haitolewi kimya kama unamwagia kuku mtama. Mkono unaotoa una neno lake, na Jovina alifundishwa neno hilo tangu hajaota meno ya pili. Likamtoka lenyewe, chumba kitupu, hana wa kumwambia.

"Karibu, mgeni wangu. Tafuna."

Aliniambia kwamba chumba kilinyamaza namna ambayo hata honi za barabarani zilisikika kama ziko ng'ambo ya ziwa. Kisha moshi wa ubani, uliokuwa unapanda wima, ukapinda katikati, kama mtu amepita.

Akashuka mbio. Mimi nikadhani anaigiza, na maneno kweli alikuwa ameyapanga tangu mwanzo, ila woga wake haukuwa wa kuigiza.

"Mama Mhoja, juu kuna mtu? Nimesikia sauti ya mwanamume. Inajitaja. Inasema, mimi ni Makame."

Hilo Makame alilisoma kwenye kibao cha fundi cherehani akiwa njiani. Na mimi je? Mimi nilipewa habari tamu kama ile saa kumi na moja na nusu, ningeilaza? Kabla taa za barabarani hazijawaka nilikuwa nimeshamwambia Yakobo, na mama wa ghorofa ya kwanza, na wale wa duka la dawa. Na kila nilipoisimulia niliishonea kipande. Nikasema ni mzee wa kanzu nyeupe inayochuruzika maji. Nikamwekea ndevu hadi kifuani. Yakobo alipoanza kucheka nikamkata yule mzee wa kanzu kidole gumba cha mkono wa kulia, habari ipate uzito. Kidole kile nilikiondoa mimi, kwa mdomo huu.

Kijana wa simu alikuja Ijumaa, akafungua mlango, akaiona sahani. Alishuka ngazi tatutatu, hajarudi mpaka leo. Yakobo naye akakataa kumpeleka mtu mwingine pale. Kodi ikateremka yenyewe, na Jumapili Jovina akahamia na godoro, jiko la gesi na mtoto. Watu wakamwita jasiri. Alipoiondoa ile sahani aliona wali upo, yai lipo, kahawa hakuna hata punje. Akaosha sahani, akaendelea kupanga vitu vyake.

Wiki ya kwanza hakuna aliyejali. Ila watu wa jengo hawalali na swali. Jini wa nani? Ameletwa na nani? Jumamosi tukakutana kwenye ngazi, kila mtu na beseni lake la nguo, tukayachambua mambo. Jovina alikuwa anashuka. Mama wa ghorofa ya kwanza akamuuliza, "Mwenzetu, wewe unakaa hukohuko. Huna unachokijua?"

Angeweza kusema sijui. Alikuwa amechoka, anaogopa tusije tukamtazama yeye. Akasema taratibu, anarekebisha kitambaa kichwani, "Mimi simtaji mtu. Lakini kila Alhamisi harufu ya ubani inaanzia mlango upi?"

Sote tukatazama juu. Mlango unaotazamana na wake ni wa Bi Mwaija.

Bi Mwaija ni mjane wa fundi seremala. Amekaa chumba kile miaka thelathini na moja, tangu Mzee Lukman mwenyewe ana nywele. Ubani anachoma kila Alhamisi kwa ajili ya marehemu wake, anasoma, analala. Hana mtoto, hana ndugu mjini, ana chumba hicho na cherehani. Na siku Jovina alipohamia, nani alipanda na chai ya tangawizi? Nani alisema, "Mwanangu, mtoto akitoka shule aje kwangu, usimwache peke yake"? Ni yeye. Gladness alikuwa anakula kwake kila mchana.

Habari ilimfikia Mzee Lukman kabla nguo hazijakauka. Akampa Bi Mwaija wiki mbili ahame. Akasema hataki jengo lake lipewe jina baya.

Basi siku ileile jioni, saa kumi na mbili, saa ambayo wageni hufika, mlango wa Jovina ukabishwa hodi.

Mara tatu, kistaarabu. Jovina akafungua, hakuna mtu. Akafunga. Alipogeuka, kiti cha mbao karibu na dirisha kikalia, kama kinavyolia mtu mzito anapojiegemeza. Akaenda akakigusa. Kilikuwa na joto. Na chumba kizima kilinukia marashi ya mawaridi, chini ya marashi harufu nyingine, tope la ziwa lenye magugu yaliyooza.

Kesho yake vilevile. Hodi tatu, kiti, harufu. Kisha ile sauti, kru, kru, meno yakivunja kitu kikavu, bila haraka, mtu ana muda wote wa dunia. Kahawa aliyoificha ndani ya kabati, juu, nyuma ya mabakuli, ikawa inapungua. Akaitupa jalalani iliyobaki. Jioni hiyo hakusikia kutafuna. Alisikia kiti kikisogezwa, nyayo za maji zikivuka sebule hadi mlango wa chumba cha mtoto, zikasimama pale, na maji yakawa yanadondoka juu ya marumaru, tone, tone, mpaka alfajiri. Asubuhi alimwomba dereva wa basi la Bukoba amletee nyingine.

Siku ya tano alitoka kazini mapema. Akafungua mlango polepole, saa kumi na mbili haijatimia vizuri, jua bado liko juu ya maji, na akamkuta Gladness amesimama katikati ya sebule na sare za shule, mikono nyuma, anatazama kiti kitupu.

"Shikamoo, mjomba," mtoto akasema.

Kisha akasubiri, kichwa kimeinama kidogo, kama mtoto aliyelelewa anavyosubiri kuitikiwa, na Jovina, ambaye mkono wake ulikuwa bado kwenye kitasa na mfuko wa vitunguu ukimteleza, alimwona binti yake akitikisa kichwa, akitabasamu kwa yale mapengo mawili, akisogea hatua moja karibu zaidi na kiti, halafu akinyoosha kichwa apapaswe, na nywele zake, ambazo Jovina alizisuka mwenyewe Jumapili, zikalala, zikabonyea katikati, chini ya uzito wa kitu ambacho hakikuonekana.

"Gladness. Njoo hapa."

"Mama, mjomba Makame anasema umechelewa."

"Njoo hapa nimesema."

"Ameloa, mama. Kanzu yake inadondosha maji. Nimpe taulo?"

Jovina akamnyakua, akashuka naye ngazi zote mpaka kwangu, vitunguu vinabiringika nyuma yao. Akafunga mlango wangu. Akanong'ona, "Mama Mhoja, nani kamsimulia mtoto? Nani?"

"Kamsimulia nini, mwanangu?"

"Muulize."

Nikamwinamia Gladness. "Huyo mjomba yukoje?"

"Ana ndevu nyeupe mpaka hapa," akajigusa kifuani. Kisha akainua mkono wake wa kulia, akakikunja kidole gumba ndani ya kiganja, akanionyesha vile vinne vilivyobaki. "Na hapa hana. Anasema wewe ndiye uliyemkata, bibi."

Hapo nilinyamaza. Wanaonijua wataniambia naongopa, lakini nilinyamaza. Chapati iliungua kwenye kikaango, nikawa naisikia inaungua.

Tulilala watatu kitanda kimoja siku hiyo. Kabla ya kulala Jovina alimpigia mama yake, Bi Bernadetta, huko Bukoba, akaweka simu kwenye spika maana mtoto alikuwa amemlalia mkononi. Akamweleza kila kitu, sahani, ubani, kahawa. Mimi nikiwa pale. Ndivyo nilivyoupata mwanzo.

Mama yake akashtuka kwa lugha ya kwao.

"Waitu, Jovina. Ulimpa kwa mkono wako?"

"Niliiweka kwenye sahani, mama."

"Ukamkaribisha?"

"Lilinitoka tu."

"Basi si jini wa nyumba. Ni mgeni wako. Umemwita, umempa jina, umempa kahawa. Mgeni wa kahawa hafukuzwi kwa maji ya baraka wala kwa fimbo. Anasindikizwa na yule aliyempa, mchana, watu wanaona, na yule aliyempa anasema wazi, ni mimi niliyemwita, namtoa mimi. Basi anakwenda."

"Watu wakiona? Mama, watanifukuza. Nitarudi Usagara. Na Bi Mwaija..."

"Bi Mwaija ni nani?"

Jovina akalipita swali hilo.

"Hakuna njia nyingine?" akauliza.

Bi Bernadetta akavuta pumzi. "Iko moja, na wewe usiifanye. Mgeni anaweza kuhamishwa. Unampa kahawa ya njiani kwenye mlango wa mtu mwingine, unamtajia mwenyeji mpya. Wanaofanya hivyo hatuwasalimii huku kwetu. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

Simu ilipozimwa ndipo aliponiapisha. Nikaapa. Ningeweza kumwambia, mwanangu, kesho asubuhi nenda kwa Mzee Lukman, useme. Yalinijia mdomoni. Lakini niliwaza kidole. Akisema yeye, ya kwangu nayo yatatoka, na mimi nimeuza uji pale miaka kumi na tisa nikiheshimiwa. Nikamwambia, "Mungu ni mkubwa, tulale."

Siku mbili kabla ya zile wiki kwisha, Bi Mwaija alimbishia Jovina hodi. Jovina alidhani ni yule mwingine, akachelewa kufungua. Akamkuta bibi wa watu amesimama na sahani ya kaimati.

"Nimewaletea, mwanangu. Hujambo? Mbona umekonda hivyo?"

"Sijambo. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sikia. Wewe ni msomi, Lukman anakusikiliza. Mwambie neno moja tu. Mwambie wewe unakaa mlango wa pili, hujaona kwangu kitu kibaya. Sina pa kwenda, Jovina. Kitanda nimekipima, hakipiti hata mlangoni. Marehemu alikiunga humohumo ndani. Kukitoa ni kukikata."

"Nitamwambia, mama."

"Utamwambia kweli?"

"Nitamwambia."

Nyuma ya Jovina, sebuleni, kiti kikalia. Bi Mwaija akachungulia. "Una mgeni? Samahani, sikujua." Akaondoka taratibu, akishika ukuta.

Jovina hakumwambia Mzee Lukman neno. Kila alipofika mlango wa duka lake la vitambaa alikumbuka mkeka wa jirani kule Usagara, akageuka.

Jumamosi ikafika. Mzee Lukman alikuwa ametuma aletwe mganga kutoka Sengerema, Bi Maulida, ili akitoka Bi Mwaija atoke na kitu chake chote, kisibaki. Alivuka na kivuko cha asubuhi, mwanamke mfupi, kikapu kimoja, hana hirizi wala mkufu. Saa kumi alasiri tukakusanyika uani, wapangaji wote, Yakobo, watu wa duka la dawa, na wasiohusika wakajaa getini. Cherehani ya Bi Mwaija ilikuwa imeshateremshwa, imekaa juani na kitambaa bado kiko chini ya sindano. Yeye alikaa kwenye kigoda katikati yetu, baibui limepigwa pasi.

Bi Maulida akachuchumaa mbele yake. "Mwenzangu, unafuga?"

"Sifugi hata kuku."

Watu wakacheka kidogo, wakaona aibu. Bi Maulida akamshika mikono, akainusa, kiganja na kiganja, akafumba macho kwa muda mrefu. "Hapa kuna ubani wa marehemu na mafuta ya cherehani," akasema. "Basi."

"Mama, sisi tunajua tulichokisikia," Mzee Lukman akasema. "Mimi nina wapangaji wanane wanaotaka kuhama."

"Mlichokisikia kutoka kwa nani?"

Macho yakaanza kutafutana. Yakobo akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Jovina.

Jovina akasema haraka, "Samahanini, nimeacha jiko la gesi linawaka. Nakuja." Akaniachia mkono wa Gladness, akapanda.

Nilijua haendi kuzima jiko. Nilikiona kifurushi cha jani la mgomba kimetuna ndani ya mfuko wa gauni lake. Ningeweza kumshika gauni. Ningeweza kuita. Gladness akanivuta kanga, akanong'ona, "Bibi, mjomba hataki kuhama," na mimi nikamwambia nyamaza.

Bi Maulida alikuwa amegeuza uso kuelekea ngazi, pua imeinuka. "Nataka kuuona huo mlango," akasema. "Wote twende. Vueni viatu. Asisikie hata kofi la ndala."

Tukapanda watu wapata thelathini, miguu mitupu, tukishikana mabega, Bi Mwaija mbele na funguo zake mkononi kwa kuwa ni mlango wake, ghorofa ya kwanza, ya pili, na kadiri tulivyopanda harufu ikawa nzito, mawaridi, kisha tope, kisha magugu yaliyooza, na ukuta ukawa na unyevu uliotulowesha viganja, na kutoka juu ikaja sauti ya mwanamke ikiongea chini kwa chini, upesi upesi, kama mtu anayeungama kwa padri mwenye haraka, na hakuna aliyekohoa, hakuna aliyerudi nyuma, mpaka tukafika kwenye kona ya mwisho na wote tukamwona.

Jovina alikuwa amepiga magoti mbele ya mlango wa Bi Mwaija, ametupa mgongo. Sahani iko sakafuni, ubani unafuka kwenye kifuniko cha bati. Mkono wake wa kulia ulikuwa umenyooshwa mbele ya ule mlango uliofungwa, kiganja wazi, kimejaa kahawa.

"Makame, mgeni wangu," alikuwa anasema, "mimi niliyekuita nakuhamisha. Mwenyeji wako ni huyu. Ana nyumba tulivu, hana mtoto wa kumsumbua. Tafuna hii ya njiani, uingie kwa Mwaija. Niachie mwanangu. Ingia kwa Mwaija."

Funguo zikamponyoka Bi Mwaija. Zilipogonga sakafu Jovina akageuka.

Alituona sote kwa mara moja, Mzee Lukman, Yakobo, mganga, binti yake amesimama kando yangu. Mdomo ukafunguka. Nadhani alitaka kusema neno kuhusu jiko.

"Ni wewe uliyemleta?" Bi Mwaija akauliza. Hakupandisha sauti hata kidogo. "Jovina mwanangu. Ni wewe?"

Jovina akajaribu kufunga kiganja afiche ile kahawa. Hakikufunga. Akajaribu kuuvuta mkono, ukakataa kurudi, kama umeshikwa kwa adabu na mtu asiyetaka kumwaga alichopewa. Kisha tukasikia, kru. Punje moja ikatoweka kiganjani mwake, na ganda lake, bichi kwa mate, likaanguka juu ya sakafu mbele ya miguu yetu mitupu. Kru. Ikatoweka ya pili. Hakuna aliyekimbia. Tulisimama pale tukihesabu maganda, jengo zima, na Jovina amepiga magoti, mkono umenyooka, akitolewa ushahidi mbele yetu punje kwa punje na mgeni wake mwenyewe, asiweze hata kuuficha uso.